Sikusikia Sawasawa

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Mimi mwili hauna neno, ila moyo hauko mahali pake. Juzi pale kwenye ghala la vyuma nilikuwa naendesha winchi, nimeinua mabomba. Mwenzangu anayefunga mizigo akateleza chini yake, akapuliza filimbi nisimame. Msumeno wa chuma ulikuwa unanguruma kando yangu, sikusikia kitu. Mabomba yakamshukia mguuni. Nimeuona mfupa wake, Mama. Nikifumba macho nauona.

Kamati ya usalama inataka maelezo kwa Kiingereza rasmi, na leseni yangu wameishika. Nimeandika ukurasa mmoja, huu hapa ndani ya bahasha. Naomba unitazamie kama uko sawa. Kikao ni tarehe kumi na sita.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma lakini natembea. Nimepitia ukurasa wako. Umeandika "I really could not hear the whistle." Mara ngapi nimekufundisha? Katika Kiingereza rasmi kielezi hakitangulii kitenzi kisaidizi. Hukaa baada yake. Nimekihamisha: "I could not really hear the whistle." Sasa inasomeka kama kazi ya mtu aliyesoma. Karatasi yako nimebaki nayo, nakutumia niliyoiandika upya. Inakili kwa mwandiko safi, utie sahihi. Usiwape sababu ya kukudharau.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefukuzwa. Mwenyekiti alisoma sentensi yako kwa sauti, akavua miwani. "Kwa hiyo ulisikia, ila hukusikia vizuri. Ukasikia kidogo na bado ukashusha mzigo." Nikasema hapana, sikusikia kabisa. Akagonga karatasi kwa kidole: "Sivyo ulivyoandika." Wametia neno uzembe kwenye faili langu, na leseni wamebaki nayo.

Sentensi yangu ilisema kwa kweli sikusikia. Yako inasema sikusikia sawasawa. Nilikuwa sahihi, Mama. Mimi, dereva wa winchi, nilikuwa sahihi.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kamati hiyo ina watu wasiojua lugha. Kanuni niliyokupa nimeifundisha miaka thelathini na mmoja, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunikosoa. Na wewe una miaka arobaini, si mtoto. Ulisoma, ukanakili, ukatia sahihi. Mkono ulioshika kalamu haukuwa wangu. Usinitwike makosa yako.

Mama yako

29 Machi

Mama,

Leo sikuamkii. Nilitia sahihi kwa sababu ilitoka kwako. Nilikuandikia kwamba nimeuona mfupa wa mtu, ukanijibu kuhusu kielezi. Hukuuliza kama yu hai. Ndivyo ulivyonifanyia tangu shule ya bweni: nakuandikia nalia, barua inarudi imejaa wino mwekundu, na chini yake "jitahidi". Nimejitahidi vya kutosha. Usiniandikie tena.

Mwanao, utake usitake

20 Juni

Mwanangu,

Umeninyima salamu, mimi nakupa: hujambo? Karibu miezi mitatu nimekununia. Nilifungua vitabu vyangu vyote nikitafuta ukurasa wa kukushinda. Nikaupata, ukanishinda mimi. Kanuni niliyokuwa nafundisha ni nusu tu. Penye neno la kukanusha, kielezi kikihama, maana inahama nacho. Watoto niliowapotosha hivyo, Mungu ndiye ajuaye idadi yao.

Jumatatu nilipanda basi hadi ghalani kwenu na karatasi yako ya kwanza mkobani. Mlinzi alinikalisha getini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, hapa ni ghala, si darasa." Nikamwambia, "Mmelifanya darasa ninyi, mlipomfukuza mtu kwa neno moja. Basi kaa nikufundishe." Nilifoka hadi sauti ikakatika. Nikaandika mbele yake kwamba kosa ni langu, nikatia sahihi.

Kisha nikaenda kwa mwenzako. Anatembea kwa magongo. Amenieleza kwamba unamfulia nguo, na kila siku ya kliniki unamshusha ngazi mgongoni. Akasema ule msumeno ulivyokuwa unapiga kelele, filimbi hata yeye aliyeipuliza hakuisikia, na hayo, ambayo kamati haikuwahi kumwuliza, amemwambia mwenyekiti kwa simu mimi nikiwa nimekaa hapo. Nilishindwa kumtazama usoni. Yote hayo ningeyajua mwezi Machi kama ningeuliza.

Nisamehe.

Mama yako

4 Julai

Mama,

Shikamoo. Jana kamati iliniita. Neno uzembe limefutwa, leseni nimerudishiwa. Kazi sikurudishiwa, winchi yangu alishapewa mtu mwingine, na hakuna aliyeniomba radhi. Nimepata nafasi kwenye kampuni ya ujenzi, naanza mwezi ujao.

Umeniomba nikusamehe. Nikisema nimesamehe nitakuwa naandika uongo kwa lugha nzuri. Bado nakasirika, hasa asubuhi nikiwa nimevaa na sina pa kwenda. Lakini mwenzangu ameniambia ulimwuliza kuhusu mguu wake hadi chai ikapoa, na kwamba hukumsahihisha hata mara moja.

Jumapili nakuja. Hasira nitakuja nayo, sina pa kuiacha. Nifungulie mlango hivyo hivyo.

Mwanao