Kiwiko Ndiyo Shikamoo

Jumapili, 13 Juni 1976

Mageni amenilamba goti sasa hivi. Dawa ya zambarau yote mdomoni! Meno ya zambarau, ulimi wa zambarau, na anacheka. Nimemfuta kwa khanga, karudi tena gotini. Mwanangu huyu. Anadhani mama yake ni tunda.

Goti limechanika mpaka nyama nyeupe inaonekana. Leo yalikuwa majaribio ya mbio za baiskeli za akina mama hapa Tinde. Wanaofaa wanakwenda Shinyanga mjini siku ya Saba Saba. Mshindi anapewa baiskeli mpya — mpya kabisa, fremu bado ina karatasi zake! Naitaka. Hii ninayoendesha ni ya mume wangu Athanas, naye yuko Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu. Akiwa hayupo, mdogo wake Theonest huichukua akitaka. Masika yaliyopita Mageni akiungua homa, Theonest alikuwa nayo kilabuni kwenye pombe. Nilikimbia na mtoto mgongoni mpaka zahanati, macho yamempinduka. Sirudii.

Basi. Nilikuwa mbele. Upepo masikioni, khanga nimeikaza juu ya kaptula ya Athanas. Mara namwona baba mkwe, Mzee Maganga, kando ya barabara na ng'ombe wake. Nikashuka. Nikalaza baiskeli, nikapiga magoti. Shikamoo baba! Sikufikiri hata kidogo — mkamwana atampitaje baba mkwe amekaa juu ya baiskeli, miguu inachezacheza? Mzee mwenyewe alishtuka. Akainua fimbo, mayu, mama, inuka, inuka! Kuinuka wapi. Waliokuwa nyuma walinivamia kama ng'ombe walioona maji. Vyuma, mayowe, mguu wa mtu shingoni mwangu. Pedeli ikaingia gotini.

Zipora, yule muuza mchele wa Kahama, alitua kwa mdomo. Akatema jino. Halafu akanipiga ngumi ya sikio, mimi bado niko magotini! Kanisa liko kule, mama, akasema. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Tuliinuka, tukapanda, tukamaliza na damu zetu. Tumechaguliwa wote wawili. Wengine hawakuinuka.

Jumatatu, 14 Juni

Sikio linavuma. Baba mkwe amekuja, kasimama uani, anaongea huku anatazama zizi. Eti siku ya mbio yeye si mkwe. Eti nimhesabu kama mti, mti hausalimiwi. Nikaitika, ndiyo baba — nimepiga magoti! Akaguna akaenda zake.

Jumamosi, 19 Juni

Theonest. Kaja ananuka pombe, kaikamata baiskeli. Nikang'ang'ania keria. Akanipiga kofi, nikang'ang'ania. Akachukua pampu, pampu ya chuma, akanipiga nayo mgongoni. Mara ya kwanza sikusikia. Ya pili nilisikia. Mageni analia, baba mdogo acha, baba mdogo acha! Nikamng'ata Theonest mkono. Sikujua meno yangu yanafika mbali hivyo. Ladha ya chumvi. Akaachia, akaondoka anatukana njia nzima: mwanamke wa baiskeli wewe, kesho utaoa!

Baiskeli nimeifunga kwenye mguu wa kitanda. Kulala chali siwezi.

Jumapili, 27 Juni

Zipora kaja kutoka Kahama kwa baiskeli. Nilipomwona nilishika mchi. Akacheka, pengo wazi. Weka mchi, dada. Nimekuja kukufundisha, maana tukikuacha ulivyo utatuua sote.

Kanifundisha. Usigeuke nyuma. Usikamate breki kwenye vumbi. Na mwenzako akikukaribia ubavuni, mpe kiwiko chini ya mbavu kabla hajakupa chake. Wewe una heshima nyingi mno, akasema. Barabarani kiwiko ndiyo shikamoo.

Tukajaribu. Alinitupa kwenye uzio wa minyaa, utomvu ukanikosa jicho kidogo tu. Akanitupa tena. Akanitupa tena! Hasira ikanipanda mpaka nikaona giza. Jua likienda kushuka nikamtupa mimi, akaviringika kama gunia. Akalala pale vumbini anapiga makofi. Ndiyo hivyo, ndiyo hivyo!

Tumekula michembe, viazi vyangu vya kukausha. Mgongo wangu ameukanda kwa maji ya moto. Alipoona alama za pampu akalegeza mkono.

Jumatano, 7 Julai

Shinyanga, uwanjani. Nimekaa kivulini mwa ukuta. Mchujo umekwisha, fainali bado. Naandika kwa mkono mmoja.

Nimeingia fainali!

Lakini. Kona ya mwisho alinijia mmoja wa Kolandoto, Scolastika. Khanga yake inagusa gurudumu langu. Nikampa. Chini ya mbavu, kama nilivyofundishwa. Nikasikia pumzi inamtoka, hiih! Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Bega likalia kama kuni kavu. Sikugeuka. Watu wanapiga kelele, mama! mama! — na mimi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi mpaka kwenye mstari.

Wamempakia kwenye lori kwenda hospitali, mkono unaning'inia. Kumbe ana mtoto. Mchanga, hata kukaa hajui. Mama yake Scolastika alikuwa naye, anazunguka naye kwa wanawake, mtoto analia sauti imekauka. Akafika kwangu. Akanitambua, nilimwona akinitambua. Hakunitukana. Maziwa yanakulowesha blauzi, mayu, akasema, na huyu ana njaa. Shika, nikamwone mwanangu. Akakimbia kufuata lori.

Basi ninaye. Ananyonya kama anagombana na mtu. Mageni kakasirika, anampiga makofi kichwani, toka! titi la mama yangu! Nimemshika mkono, kaning'ata. Nimemwacha aning'ate.

Filimbi ya kwanza imelia. Zipora yuko mstarini, ameshika baiskeli zetu mbili. Baiskeli ya zawadi wameisimamisha juu ya meza, inang'aa mpaka inaumiza macho. Nilijaribu kumtoa huyu titini, akalia mpaka uso ukawa mweusi. Nikamrudisha. Bibi yake haonekani.

Zipora anaita. Mama Mageni! Nimemwonyesha mkono, bado kidogo. Mpe mtu yeyote, anapaza sauti, mpe hata mgambo! Mtu yeyote nani? Nimemvunja mama yake, halafu yeye nimpe mtu yeyote? Amekikamata kidole changu, hana hata kucha za kutosha lakini amekikamata. Filimbi ya pili. Mama Mageni, wanapanga mstari, njoo! Nikiinuka sasa hivi nitakuwa nimemwangusha na yeye. Sijainuka.