Gari la Ilukor

Jumatano, 3 Desemba 2025
Siwezi kutulia. Nimefagia uwanja mara mbili na bado mikono inatafuta kazi. Jumamosi ni apunya, sherehe ya kumaliza matanga ya mume wangu – watu watakunywa pombe ya ajono, wataomba, kisha wazee watagawa vitu vyake. Redio. Ng'ombe. Na gari.

Wengine wanaona Datsun kuukuu. Ilukor aliliunda hapa Malaba, nyuma ya jikoni, kwa vyuma vya malori yaliyogongwa. Alilikimbiza kwenye mbio zote za rally za huku, Angurai mpaka Funyula, mimi kando yake nikimsomea kona. "Everline, sema mapema!" Na nilisema mapema. Mtu aliyeruka mitaro ya Angurai, kauawa na malaria. Siwezi kulizoea hilo.

Alhamisi, 4 Desemba
Omoding, mdogo wake, anasema gari ni lake. Atakata paa apakie vitunguu. Vitunguu! Nikamuuliza, na mimi je? Akacheka. Eti shemeji, wewe ulikuwa wa kusoma tu.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimelia mbele ya watu. Mama mkwe ameosha gari. Nia njema – wageni wasikute uchafu. Yale matope yalikuwa ya rally yake ya mwisho. Kwenye boneti palikuwa na alama ya kiganja chake. Mwaka mzima sijaigusa.

Akaniuliza, mwanangu, nimekosa wapi? Ameshika ndoo, mgongo unamuuma. Nikamkumbatia.

Jumamosi, 6 Desemba
Naandikia ndani ya gari, daftari kwenye goti. Wazee wamempa Omoding. Wakamwambia aliwashe watu waone. Likakataa. Akakanyaga mafuta mpaka yakanuka uwanja mzima. Ilukor aliifunga injini kwa mtindo wake – usiguse mafuta mpaka likohoe. Mzee Ekisa akasema, mwiteni mke wa Ilukor.

Nikaketi kulia, kiti chake. Alikichomelea kulingana na miguu yake mirefu, ikabidi niweke mto mgongoni. Nikangoja petroli ikauke. Likakohoa. Likawaka! Vigelegele. Mama mkwe akafunika uso kwa leso.

Sasa Omoding anagonga kioo. Asante shemeji, fungua nikae.

Geti liko wazi, wageni bado wanaingia. Mlango nimeufunga kwa ndani. Nimemwambia angoje kidogo, injini ipate moto.

Imeshapata.