Kitambaa cha Kijani cha Matanga ya Adela

Kensington, Johannesburg

Mdogo wangu mpendwa Feza,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote wa nyumba ya baba huko Kalemie. Naomba barua hii ikukute uvimbe wa mguu umeshuka. Mimi ni mzima: ninakula, ninalala, cherehani inazunguka. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yangu, unisamehe.

Nimeona ni adabu kukuandikia kabla mzigo haujakufikia. Uliniagiza kitambaa cha buluu chenye njiwa weupe, ili ukoo mzima tuvae sare siku ya kutoa matanga ya wifi yako, marehemu Adela. Nimenunua cha kijani. Uniruhusu nieleze.

Safari ile ya China, kama ujuavyo, ilikuwa yake. Wafanyabiashara wenzake, wakiongozwa na Mama Furaha wa mtaa wa Observatory, walisema nafasi yake isipotee, niende mimi. Tulitoka Guangzhou asubuhi kwa basi la kukodi, wanawake watupu na mimi, kuelekea mji wa viwanda vya nguo. Kwa kuwa mgane ambaye matanga ya mkewe hayajatolewa haketi ubavuni mwa mwanamke asiye wa damu yake, kiti cha pembeni yangu kiliachwa wazi, ingawa wenzangu walibanana. Hapo niliweka mkoba wa Adela, uliokuwa na kile kipande cha kitambaa ulichonitumia kiwe mfano.

"Tuweke hapo unga ya fufu," mmoja akasema.

"Acha," akajibu Mama Furaha. "Kiti nayo ilipata viza."

Walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu.

Nchi ile ni nzuri, nadhani. Vilima vinachomoza ghafla katikati ya mashamba ya mpunga, kama magego. Kuna migomba kama ya kwetu, na nyati wanaolima. Niliviangalia kama mtu anayesomewa habari za nchi asiyokwenda. Nilipewa chai, nikanywa. Ladha yake siikumbuki.

Adhuhuri tulipumzika kituoni, na hapo tukapokewa na kiongozi mpya, binti wa Kichina mwenye Kiingereza safi. Kabla ya kuondoka alipita akitazama viti, akauona mkoba wa kike.

"Mzee, mke wako bado yuko chooni?"

Nilimwelewa vizuri kabisa, Feza. Nikajibu, "Ndiyo, binti yangu."

Akashuka mbio kumtafuta. Wanawake walianza kunung'unika, kisha Mama Furaha akachungulia dirishani, akanigeukia.

"Papa Boni! Umemuambia nini ule mutoto? Ako natafuta mutu mu vyoo yote! Eish, soko itafunga!"

Nikamwambia nilichosema. Alinitazama, akashuka kumrudisha. Yule binti aliporudi aliinamisha kichwa mbele yangu, wala hakuugusa mkoba.

Tulifika jioni. Duka lenye njiwa lilikuwa limefungwa, na basi halikuweza kulala. Mzee wa duka la jirani alikuwa akiteremsha mlango. Alibakiwa na kijani tu. Unakumbuka Adela hakupenda kijani, alisema kinamfanya afanane na majani ya sombe. Nilikipapasa: ni pamba tupu, hakitachuja. Nikakichukua.

Lawama ni yangu peke yangu. Unisalimie shangazi yetu mkubwa, na umwombe asikatae kuvaa. Unisalimie pia mwalimu wa kwaya aliyetuimbia siku ya ndoa, na wajukuu wote. Mjukuu wetu wa hapa anakusalimu kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia tu.

Utauliza kwa nini sikumsahihisha yule binti mara moja. Injini ilikuwa ikinguruma, mlango umeachwa wazi, na basi zima lilikuwa likimngoja Adela. Nami nikangoja pamoja nao.

Ni mimi kaka yako, nikiomba radhi,
Bonifasi