Pagne ya Mustari Nyekundu

Siku ya pili ya kazi, tarehe 22 ya mwezi wa ine, 2003

Nimechagua maharagi. Mawe mingi kuliko maharagi. Bamama wa diplôme wamekutana tena mu lupango yangu, mu kiwanja ya nyumba, juu salle yao ya mikutano iko na askari ndani. Viti vyangu vyote wamechukua. Mimi nimekaa juu ya mufuko wa makala ya kupikia, mu nyumba yangu mwenyewe.

Mujukuu wangu Espérance ni membre effectif. Maana yake alimaliza université. Kuna membre adhérent, yeye angali anasoma. Kuna membre d'honneur, yeye hana diplôme lakini wanamusifu. Juu ya wote kuna comité: présidente, vice, secrétaire. Chini kuna section, moja kila quartier. Espérance amenieleza tena leo kama katekista. Nikamwambia, hayo ni maneno ya wenye bunduki. Nao wako na président, na vice, na comité, na section. Mu Bunia siku hizi hata mbuzi inatafuta kuwa président. Hakucheka. Sikutaka acheke. Naogopa maneno yale.

Na ile pagne yao, kitenge ya chama. Picha ya kitabu na jembe. Membre wote mustari wa kijani chini, comité mustari nyekundu. Za nyekundu ni tatu tu. Présidente alienda Kampala na yake. Secrétaire alikimbilia Beni na yake. Imebaki ya Madame Régine, vice. Anaitembeza kama askofu.

Naandika juu kugombeza kwa sauti kunaita watu. Muzee wangu ndiye nilikuwa nagombeza, naye alikufa. Sasa ni karatasi. Kabila ya mutu sitaandika. Masista walinifundisha kusoma kidogo, inatosha kujua kitu gani hakiandikwe.

Siku ya Mungu, tarehe 27

Kisha kanisa Madame Régine amekuja na Espérance. Wamevaa, wamepaka mafuta, wanasimama mbele yangu kama watu wa kuposa. Wanataka niwe membre d'honneur. Nikauliza, honneur ya nini? Ya viti?

Madame Régine akaniita Tate, bibi, kama Espérance. "Tate, ni kukufungulia mulango."

Nikamwambia, hiyo ni dirisha. Kama ni mulango, mbona effectif hawapitie pale? Nimezaa, nimezika, nimejenga hii nyumba na pesa ya maharagi. Sitaingia kwa watu kupitia dirisha. Nimekataa. Espérance amekasirika mupaka sasa. Akasirike.

Madame Régine si wa upande wetu. Kwa statuts yao, sheria ya chama, ni lazima vile: présidente akiwa wa upande mumoja, vice anakuwa wa upande mwingine. Mbele ya vita ilikuwa kitu nzuri. Leo ni kitu ya kuua mutu.

Siku ya tatu, tarehe 30

Ku kisima nimeeleza wote namna nilikataa. Nimeigiza ile sauti yake ya radio. Walicheka mupaka wengine wakamwanga maji. Mama Kavira alicheka kupita wote. Ni jirani yangu, wa Butembo, anauzisha samaki wa Tchomia wa kukausha. Aliomba kuingia mu chama yao miaka iliyopita. Iko na diplôme d'Etat, ya kumaliza secondaire. Wakamwambia: effectif hauwezi, haukufika université. Adhérent hauwezi, hausome. Hakuna nafasi yako. Na yeye alikuwa amekwisha kusoma statuts yote kwa kichwa, maskini, akifikiri watamuuliza.

Akaniambia, "Tate, mimi walinifungia mulango. Weye umewafungia wao. Mungu akupe miaka."

Nilirudi nikijisikia mukubwa.

Lakini ku barabara askari wa kigeni wanapakiza mizigo mu magari. Wakienda, nani anabaki kati yetu na wale vijana? Nimefunga mulango mapema.

Siku ya pili, tarehe 6 ya mwezi wa tano

Masasi, bunduki zinalia tangu asubui. Madame Régine ameingia kupitia nyuma, mu majani ya lupango, bila kiatu moja, matope mupaka magoti. Bado amevaa ile pagne. Alikuwa anaenda kwa mukutano. Mukutano! Mama huyu, mbingu ikianguka atauliza kama quorum iko, kama watu wanatosha.

Vijana wa upande wetu wanamutafuta. Alisema ku radio njia ya soko ifunguliwe kwa bamama wote, wa huku na wa kule. Sasa wanasema, kama kuna vice kuna chef, kama kuna section kuna askari. Wanafikiri kila mutu iko kama wao.

Nimemuweka mu jikoni ya inje, nyuma ya mifuko ya makala. Nimempa nguo zangu za shamba. Simupendi sana. Anaongea mingi, na chai anataka bila sukari, juu ya tumbo yake. Vita iko mu barabara, yeye anachagua chai! Lakini mutu akiingia kwangu na woga ya namna ile, simupe watu. Wakimupata wanatuua naye. Mimi nimekula miaka yangu. Espérance bado.

Naogopa. Nimeandika sasa.

Siku ya ine, tarehe 8

Masasi imepunguka kidogo. Jua kali. Ile pagne ilikuwa mu kona na matope yake, inanuka. Mu nyumba yangu nguo hailale na matope, hata Yesu akirudi kesho. Nikaifua na sabuni, nikasugua mustari mupaka ikawaka. Nikaianika ku kamba na nguo zingine. Nikaingia kupika sombe, majani ya muhogo.

Nilipotoka, Mama Kavira alikuwa anasimama ku lupango yake. Hakunisalimia. Alikuwa anaangalia kamba yangu. Mu barabara vijana wawili wenye bunduki walikuwa wanapita, nao wakaangalia pale anaangalia.

Nguo yote ilikuwa inapepea vizuri. Kitabu, jembe, na ile nyekundu chini.

Mujinga mimi. Mujinga muzee.

Siku ya tano, tarehe 9

Espérance hakunigombeza. Alikaa chini tu. Afazali angenigombeza.

Mama Kavira anajua nyekundu ni za nani. Anajua mbili ziko mbali. Ile ya tatu ameiona kwangu. Na roho yake inauma na hawa bamama, iko na haki. Akisema neno moja, tumekwisha. Sijaenda kwake. Naogopa kumuuliza, nikimuuliza nimemwambia.

Madame Régine anataka kutoka, asituletee kifo. Nimemwambia akae kule nyuma ya makala na anyamaze. Mwanzo wa maisha yake kunyamaza.

Hatukuwasha moto. Sombe ya jana, baridi.

Siku ya posho, tarehe 10

Walikuja. Naandika namna ilikuwa.

Asubui nilivaa ile pagne. Niliwaza, nguo wameiona, kuificha haifai tena. Nguo ikishaonekana inatafuta mwenyewe. Basi mwenyewe awe mimi. Nikaketi mbele ya nyumba na maharagi, mawe upande huu, maharagi upande huu.

Wakaingia. Mukubwa wao amevaa perruque, nywele ya bandia ya mwanamuke, ya kahawia, na bunduki. Mutoto wa mutu. Akasema, "Tate, vice iko wapi?"

Nikasema, vice gani? Hapa kuna membre d'honneur, ndiye mimi, na unakanyaga maharagi yangu.

Akaangalia pagne. "Hii ni ya wakubwa wao. Tumeambiwa."

Nikasema, kwani mimi ni mudogo? Angalia mvi. Sauti yangu ilikuwa kali lakini maharagi yalikuwa yanaanguka mu vidole.

Wakamuita Mama Kavira. Mumoja alienda kumuleta kwake, na mikono yake ingali na samaki. Mukubwa akamuuliza, "Weye unajua hii chama yao? Huyu muzee iko ndani?"

Mama Kavira akaniangalia. Ku kisima yeye ndiye alicheka kupita wote. Quartier yote ilinisikia nikikataa. Nilitaka kumuomba na macho, kiburi ikakataa, kisha nikamuomba.

Akasema, "Huyu? Huyu alikataa. Siye wote tulisikia."

Mu jikoni hakukuwa sauti.

Akaendelea, kwa ile sauti ya kuuzisha. "Alikataa siku ya Mungu, na kesho yake akaenda kuomba! Hamumujui Tate huyu? Akiona mwingine na nguo nzuri halale. Akalia mupaka wakampa. Na hakukubali kijani kama watu, alitaka nyekundu. Wakasema basi, d'honneur anakaa na comité. Iko mu statuts."

"Statuts ni nini?"

"Sheria yao. Ile walinifukuza nayo. Unafikiri nawapenda? Vice yao aliikimbia hii mji zamani. Kama angekuwa hapa, mimi ningewapeleka na mukono yangu hii." Akamuonyesha mukono, magamba ya samaki imebandika.

Yule mwenye perruque akacheka. Akanipigia salute. "Présidente wa maharagi!" Wenzake wakacheka. Wakachukua kuku zote na mufuko wa chumvi. Mumoja alifungua mulango ya jikoni, akaona makala tu, nzito, hakuichukua. Wakaenda.

Nilipotaka kusimama pagne ilikuwa maji nyuma. Hakukuwa mvua.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Hakuna kanisa. Masasi. Tumelala chini siye watatu, Madame Régine kati. Anatetemeka, nami natetemeka, hatujui nani alianza.

Nimemuuliza Espérance kama kweli d'honneur anavaa nyekundu. Amesema hapana. Kijani. Iko mu statuts, kijani. Mama Kavira anaijua ile statuts yote kwa kichwa.

Siku ya tatu, tarehe 14

Watu wengi wanaenda ku camp karibu na aéroport, kwa askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Mama Kavira ameingia asubui bila kupiga hodi, na vitunga viwili vya samaki. Hakuuliza mutu iko wapi. Alienda mu jikoni moja kwa moja.

Akamwambia Madame Régine, "Beba. Angalia chini. Ukisalimiwa, kohoa. Kifaransa uache hapa."

Madame Régine mu nguo zangu za shamba, kitunga ku kichwa, maji ya samaki inashuka ku shingo. Mwenye licence ya université. Mama Kavira alisema, ku barrière ya barabara harufu inakupitisha kuliko karatasi. Madame Régine alitaka kubeba pagne yake, ikunjwe ndani ya samaki. Nimekataa. Ile nguo inakujua, nikamwambia, na Bunia yote inaijua. Akataka kunikumbatia. Nikamwambia aende, samaki inaoza.

Nilisimama ku lupango mupaka sikuwaona tena.

Mama Kavira alirudi saa ya jua kali, peke yake, na kitunga kimoja. Alisema, "Ameingia." Kisha akasema, "Ule mama hajui kubeba. Amenivunjia samaki nusu."

Siku ya posho, tarehe 31

Kimya tangu juzi. Kimya ya namna hii siiamini. Nimechagua maharagi, haba.

Mutu wa camp ameleta neno ku karatasi. Madame Régine iko muzima, alipanda ndege, hakusema ya wapi, ni vizuri. Anasema d'honneur yangu haijakubaliwa bado. Lazima assemblée générale, mukutano wa wote, ipige kura. Espérance alisoma ile neno akacheka, mara ya kwanza mwezi huu, kisha akalia. Assemblée gani? Effectif wamebaki wawili mu quartier. Wa section ya pili hatujui kama wanaishi.

Nimekubali lakini. Espérance aandike vile.

Mama Kavira amekuja kuketi. Kiti nimempa mimi mwenyewe. Tumekula samaki yake na sombe. Aliangalia inje mara nyingi, nami vilevile, kila mbwa ikibweka. Alisema, kama akicheza, "Tate, wakirudi wote, utasema neno juu yangu?" Nikasema nitasema mupaka wachoke. Wale bamama hawajanisikia bado. Akasema, lakini mimi sitaki dirisha. Nikamwambia, weye unachagua sana kwa mutu wa samaki.

Alipoenda nilifua. Blouse ya Espérance, shuka, ile pagne.

Nimeanika ndani.