Waya wa Chumba cha Mama Swalehe

Masasi,
9 Agosti 2003

Kwa kaka yangu mpendwa Nurdin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba vumbi la salfa mnayopulizia mikorosho halijakumaliza kifua. Nasikia mikorosho ya Newala imeanza kutoa maua; Mungu aiepushe na ugonjwa wa ubwiri. Mimi afya ninayo, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara kadhaa na kuichana.

Kazi bado ninayo, ingawa nusura niipoteze. Unajua hapa zahanati ya Bwana Dickson natunza kompyuta zenye kumbukumbu za wagonjwa. Kila jioni lazima nitoe nakala ya akiba, ili mashine ikifa kumbukumbu zisife nayo. Tangu Juni kazi hiyo inakwenda mwendo wa kinyonga. Mara nyingi umeme unakatika haijafika hata nusu. Bwana Dickson akaniambia kwamba siku hizi ni soko huria, asiyeweza ampishe anayeweza, na kwamba ataleta fundi kutoka Dar es Salaam.

Kaka, nilihangaika. Nilizima programu ya kukagua virusi, nikafuta takataka, nikaisingizia diski kwamba imechoka, ikanunuliwa mpya. Wapi! Kompyuta kubwa tangu Juni imehamishiwa chumbani kwa Mama Swalehe, muuguzi mkuu, nami nilikuwa navuta nakala kwa waya mrefu mpaka chumba changu ng'ambo ya ua, waya mkuukuu wenye viraka vya plasta. Rose wa mapokezi akaniuliza kwa nini nisiende tu kuchomeka diski kwenye mashine yenyewe. Nikamjibu kwamba chumba kile kina joto. Alicheka mno, maana ndicho peke yake chenye feni.

Jumatano umeme ulirudi kwa kishindo na kumbukumbu zote zikaharibika. Nakala kamili nilikuwa nayo, lakini kuirejesha kwa waya ule kungechukua mpaka kesho yake. Barazani kulikuwa na mama kutoka Nanganga na mtoto anayewaka homa. Kuna dawa iliwahi kumdhuru vibaya huyo mtoto, na mama hakumbuki jina la dawa hiyo. Bwana Dickson akaniamuru niingie chumbani kwa Mama Swalehe na diski yangu, au nirudishe funguo.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mama Swalehe ndiye mama yake Kibibi, na mimi na Kibibi tumeahidiana kuoana tangu Ramadhani. Ugonjwa wa nakala niliujua siku zote: ni ule waya. Lakini wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mkwe hatazamwi usoni wala huketi naye chumba kimoja. Ningekaa naye bega kwa bega kila jioni, halafu nimwombe binti kwa uso gani?

Kilio cha yule mtoto ndicho kilichoniingiza. Nilivua viatu, nikapita macho chini, nikapiga magoti mbele ya mashine nikiwa nimempa mgongo. Nikajua nimeshampoteza Kibibi. Mama Swalehe akajitanda khanga juu ya sare yake, akanyanyua kiti, akatoka. Nikamsikia akimwambia Rose kwamba atafanyia kazi barazani mpaka mkwe wake amalize. Kumbe alikuwa anajua, na miezi yote alikuwa ananiona nikizunguka ua mzima ili tusikutane!

Kumbukumbu zilirudi upesi, jina la dawa likaonekana, na mtoto akatibiwa salama.

Kaka, tangu hapo sina raha. Ameniita mkwe mbele za watu, nami sijatuma mtu hata wa kubisha hodi kwake. Mwambie mjomba Bwanali mje haraka, korosho zitasubiri. Kila jioni nikifika na diski yangu, mama wa watu anabeba kiti chake na kutoka nje kwenye upepo. Naogopa siku atakayobaki amekaa, maana nitajua hanihesabu tena kuwa mkwe.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na bibi mwambie tumbaku yake nimeshainunua.

Mdogo wako akupendaye,
Ashiru