Jembe Jeusi la Baba

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imechelewa miezi miwili. Mama yako amepona. Unauliza kwa nini sisi tunalima tu wakati wenzetu wa nchi za nje wana viwanda.

Baba yangu alikuwa mhunzi hapa Iramba, enzi za Mwingereza. Nilipoolewa akanifulia jembe. Nikalikataa mbele ya wageni: "Baba, jeusi hivi! Wenzangu wana ya dukani, yanang'aa." Akaninunulia la dukani. Kijiji kizima kikaniiga.

Lilipovunjika nikarudi kwake. Akanitolea lile jeusi. "Ndilo la mwisho, binti yangu. Vijana walionivukutia moto wamekosa kazi, wameenda kukata mkonge."

Nadhani hao wenye viwanda nao walianza na jembe jeusi, ila binti zao hawakulicheka. Langu limelika, limebaki kama kijiko, na wa kunifulia jingine hayupo.

Bibi yako, mwenye kosa