Kabla ya Kugeuza Kisigino

Baba yangu,

Leo nimekukasirikia, kisha nikakuombea dua, yote mawili kwenye basi la kutoka mahakamani kurudi Stratford. Mama alikaa kando yangu, ameukumbatia mkoba wake. Mwenye nyumba anataka kumtoa kwenye fleti yenu. Anasema mkataba ulikuwa kwa jina lako peke yako, nawe umeshafariki, kwa hiyo Mama hana haki ya kukaa. Hana haki, mle mle alimokuuguza mpaka akakufumba macho!

Unakikumbuka kile kitabu chako kikuukuu cha sheria za Waskoti wa kale, ulichokiokota sokoni Lewisham? Nilikucheka sana. Mpemba mzima, karani wa mahakama ya Wete tangu ujanani, ameshughulishwa na Waskoti! Ukaniambia, "Wewe cheka tu. Hawa walikuwa kama sisi." Ukanieleza kwamba mwanzo sheria yao haikukaa kwenye karatasi, ilikaa vichwani mwa majaji waliorithishana kazi. Baraza lilikutana kilimani, mvua na baridi juu yao. Shamba likigombewa, wazee waliapishwa, wakautembea mpaka wake kwa miguu, kama mlivyofanya nyinyi kwenye mikarafuu. Baadaye wafalme wakaleta barua zao za amri na masherifu, maofisa wao wa mahakama, na kesi zikaanza kwa karatasi. Hapo ulikunja uso kidogo, ingawa karatasi ndizo zilizokulisha.

Lakini ukurasa uliokunja pembe yake ni ule wa kisigino. Mskoti aliyeona hukumu ni mbovu alitakiwa kuikataa papo hapo, mbele ya aliyeitamka, kabla hajageuza kisigino pale aliposimama. Akishageuka, basi, ameikubali. Ulinisomea mara mbili. Mara ya pili ulikifunga kitabu kabla hujamaliza.

Nilijua kwa nini. Nilikuwepo siku uliponyimwa ruhusa ya kumleta Bibi kutoka Pemba. Jaji alikosea hata umri wa Bibi. Wewe ukainama, ukasema, "Ahsante, mheshimiwa," ukarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kwa mazoea ya ukarani, ili usimpe jaji mgongo. Ulisema utaandika rufaa ukishatulia. Hukuandika. Uliona haya kumsumbua mtu aliyekwisha kusema. Bibi akafa Wete akiuliza tunamchukua lini. Nimekusamehe, Baba, lakini adabu ile siirithi.

Kwa hiyo leo jaji alipomaliza kusoma hukumu kwamba Mama atoke, nilibaki nimesimama. Mama akanivuta mkono wa koti. "Mwanangu, wameshasema. Twende zetu."

Nikasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba hukumu hii ni mbovu na naikataa. Karani akaniwahi: rufaa ina fomu yake, muda upo, si lazima niseme hapa. Nikamwambia fomu nitaijaza, ila neno langu nalisema hapa hapa, na naomba liandikwe. Miguu sikuisogeza.

Wakatazamana. Kisha jaji akachukua kalamu, akaandika. Ndipo nilipogeuka, nikawapa mgongo wangu wote.

Tuliposhuka kwenye basi Mama akafungua mdomo. "Baba'ko angekufa mara ya pili kwa haya," akasema. Halafu akaanza kucheka, akashika nguzo ya kituo asianguke. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukuzike.

Sijui kama tutashinda, na sitakudanganya. Kitabu chako kiko kabatini palepale. Fomu iko mbele yangu, juu ya meza yako, na Mama yuko jikoni anasukuma chapati utadhani kesho ana wageni. Amekataa hata kufungasha kikombe.

Pumzika, Baba. Wakija kututoa, watatukuta tumesimama.

Ni mimi binti yako,
niliyewapa mgongo